Chungu Kimoja: Safari ya Jikoni, kutoka Mpanda hata Karema



Kazi ya katekista ni kazi ya miguu. Leo yuko kigango hiki, kesho kile, na kila afikapo hukaribishwa chakula, maana watu wetu hawamwachi mgeni aondoke na njaa. Kwa sababu hiyo nimeketi juu ya mikeka mingi katika Mkoa wetu wa Katavi, nikala michuzi ya namna nyingi, nikatazama jinsi inavyopikwa, tena jinsi inavyogawiwa. Mwezi huu nataka tusafiri pamoja, kutoka mji wa Mpanda hata Karema penye Ziwa Tanganyika, nasi njiani tuwe tukifunua vyungu. Msidhani kwamba haya ni maneno ya tumbo tu. Ndani yake mna afya ya watoto wetu, na upendo wa nyumba zetu.

Kwanza yafaa mwijue nchi yenyewe. Mkoa wa Katavi uliundwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Wenyeji wa tangu zamani ni Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na wengine, na siku hizi wako Wafipa, Wasukuma, Waha na watu wa makabila mengi. Ardhi yetu ni ya miombo, nayo imebarikiwa. Mahindi twayapata, mpunga hustawi Mwamkulu, Kakese na katika bonde la Mpimbwe. Karanga ziko, mihogo iko, maharage yako. Nyuki hutupa asali msituni, na ziwa hutupa samaki. Mwaka wa mvua njema, malori huondoka hapa yamejaa nafaka kwenda kulisha miji ya mbali.

Walakini sikilizeni jambo hili. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022, ilionekana kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Katika mkoa jirani wa Rukwa, ambao ni ghala ya mahindi, waliodumaa walikaribia nusu. Kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni mtoto kukosa chakula cha kumjenga, au kuuguaugua katika siku zake za kwanza, hata mifupa yake isirefuke kama ilivyopasa na akili yake isipate nguvu. Ninyi walimu mwawajua watoto hao: wamekaa darasani, macho yamefunguka, lakini somo haliingii. Basi, penye ghala iliyojaa, mtoto hukosa kwa sababu gani? Hilo ndilo swali nililolichukua safarini.

Tuanze Mpanda mjini. Mji huu ulikua kwa ajili ya madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilijengwa kwa ajili ya madini hayo. Machimbo yale yalikwisha fungwa zamani, lakini gari la moshi likabaki, nao watu wakabaki. Ukipita karibu na soko alfajiri utasikia harufu ya supu. Wasukuma walipohamia huku na ng'ombe wao, nyama ikawa nyingi, na vibanda vya supu vikaongezeka. Kwato za ng'ombe huchomwa, hukwanguliwa, huoshwa sana, kisha huchemshwa kwa moto wa polepole tangu usiku hata mchuzi uwe mzito wa kunata midomoni. Ndiyo kongoro. Hutiwa chumvi, ndimu na pilipili kidogo, ikaliwa kwa chapati. Kwa hakika ni chakula kizuri, humpa mtu joto katika baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba.

Lakini tazameni walioketi katika mabenchi yale. Karibu wote ni wanaume. Baba amekunywa bakuli lake, amekula na mnofu, amefuta jasho, amekwenda kazini. Nyumbani mama na watoto wamekunywa uji mweupe wa mahindi usio na karanga wala maziwa. Sisemi kwamba ni dhambi mtu kunywa supu sokoni. Mwenye kazi ngumu na ale. Nasema tu kwamba fedha ile ile, ikikusanywa siku mbili au tatu, hununua mifupa yenye uboho na nyama kidogo kwa ajili ya nyumba nzima. Mke wako ataichemsha jioni juu ya mafiga, atatia nyanya, kitunguu, karoti na majani ya mboga karibu na kuiva, na watu sita watakula. Mwanamume Mkristo na ajiulize: joto lile nililolipata asubuhi, mwanangu alilipata wapi?

Kutoka mjini nilikwenda Katumba. Wasomaji wengi wanajua habari za mahali hapo. Mwaka 1972 vita na mauaji viliwafukuza watu wengi nchini Burundi, nao wakakimbilia kwetu. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978. Walipewa msitu na majembe, nao wakaugeuza msitu kuwa mashamba. Kisha mwaka 2014 serikali yetu ikawapa uraia wengi wao pamoja na watoto wao, jumla yao zaidi ya 160,000 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu ya Tabora. Waliokuja wakiwa wageni leo ni ndugu, na mapishi yao yamekuwa yetu.

Huko nilikula isombe, yaani kisamvu cha Kirundi. Mama mmoja wa jumuiya alinionyesha jinsi anavyokipika. Huchuma majani machanga ya muhogo, huyatwanga katika kinu hata yawe laini kabisa, kisha huyachemsha kwa maji mengi bila kufunika chungu, kwa muda mrefu. Nilipomwuliza sababu ya kutofunika, alisema, “Mwalimu, bibi yangu alinifundisha kwamba uchungu wake uende na mvuke.” Nao wenye elimu ya vyakula husema vivyo hivyo: jani la muhogo lina sumu, na kutwanga na kuchemsha wazi ndiko kunakoitoa. Baadaye hutia mawese, kitunguu, na maharage yaliyoiva au karanga zilizosagwa. Mawese mekundu yana faida kubwa kwa macho na kwa afya ya mtoto. Karanga na maharage hujenga mwili. Chakula hicho hakina nyama hata kidogo, wala gharama yake si kubwa, lakini mtoto akila humtosha.

Juu ya maharage, nawaomba akina mama msiyaharakishe. Yalowekeni usiku kucha, mmwage maji yale, myapike hata yapondeke. Mtie chumvi mwishoni, na iwe chumvi yenye madini joto, maana ikichemshwa sana nguvu ya madini yale hupungua. Zamani watu wa nchi hizi walikwenda mbali kutafuta chumvi ya Uvinza, wakaibeba vichwani siku nyingi. Wazee wetu walijua thamani ya chumvi. Nasi tuitumie kwa akili.

Baada ya Katumba nilishika njia ya kusini. Mwendo wa kilomita 35 hivi kutoka Mpanda unafika Sitalike, penye mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974. Hapo Mto Katuma hupungua sana wakati wa kiangazi, na viboko hujazana katika tope lililobaki, mmoja juu ya mwenziwe, wakigombana na kuumana kwa ajili ya nafasi. Nilisimama darajani nikawatazama. Mgeni aliyekuwa karibu nami alicheka akasema, “Wanafanana na watoto wenye sinia moja la ugali.” Sisi sote tukacheka, lakini neno lile nitalirudia, maana lilikuwa kweli kuliko alivyodhani.

Ukivuka hifadhi unaingia nchi ya Wapimbwe, penye Kibaoni na Usevya. Huko mchuzi unafuata majira. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga huota katika vichuguu na chini ya miti ya miombo, nao wanawake na watoto huenda kuuchuma. Mwingine huliwa mbichi kwa mchuzi wa karanga, mwingine huanikwa uwe akiba. Iko na mlenda, inayoteleza na kulainisha ugali, hasa kwa mgonjwa na mzee asiye na meno. Wengine huitia magadi mengi ili iive upesi. Afadhali waache, kwa sababu magadi huharibu faida ya mboga. Katika nyumba za Wasukuma wa bondeni nilipewa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa, ambayo huwafaa katika kiangazi wakati mboga mbichi zimekauka. Mwenye nsansa katika kapu haogopi mwezi wa tisa.

Walimu wa dini mtakumbuka habari za nabii Elisha kule Gilgali, wakati wa njaa. Mtu mmoja alikwenda porini kutafuta mboga, akaleta matango mwitu asiyoyajua, akayakata chunguni. Waliokula wakalia kwamba mna mauti. Elisha hakuimwaga sufuria, bali alitia unga, na chakula kikawa salama. Nimelisimulia jambo hili mara nyingi kwa akina mama wa vigango wakati wa uyoga. Mungu aliponya kwa mkono wa nabii. Sisi ametupa pia akili na wazee. Kwa hiyo mtoto asichume uyoga peke yake, na uyoga usiojulikana kwa wazee usiingie chunguni kabisa. Hakuna dawa ya nyumbani ya kuuponya.

Katika kigango kimoja cha bonde lile nilikaribishwa na bibi mmoja anayelea wajukuu watano. Chakula kilikuwa wali na kuku wa kienyeji wa mchuzi. Kabla ya kuandaa, bibi alichukua kibakuli kidogo, akatia wali, akauchambua mnofu wa kuku vipande vidogo, akatia ini, akamimina mchuzi juu, akamweka mjukuu mdogo wa miaka miwili mapajani pa dada yake mkubwa. Ndipo alipopakua sinia la wengine. Nilimwuliza, “Bibi, mbona huyu ametengwa? Je, si vema watoto wale pamoja?” Akanijibu, “Mwalimu, hajatengwa, si yupo hapa hapa mkekani? Lakini wakubwa wana mkono mrefu, yeye hana. Nikiwaacha wagawane wenyewe, huyu atabaki na mfupa na maji.”

Ndugu zangu, hapo nililipata jibu la swali langu. Nilikumbuka viboko vya Katuma na sinia la ugali. Sisi hujivunia kula pamoja, na ni haki yetu kujivunia. Lakini katika sinia lile mwenye mkono mkubwa hushiba, na mwenye mkono mdogo huchovya tonge katika mchuzi tu. Tena katika nyumba nyingi baba huandaliwa kando akapewa minofu, wavulana wakubwa wakapewa inayofuata, na mama mwenye mimba pamoja na mtoto aliyeachishwa ziwa wakapata masalio. Wako hata leo wanaomkataza mwanamke mayai au samaki fulani, kwa mila ambazo hakuna ajuaye sababu yake. Chungu kilikuwa na kuku, lakini mtoto alikunywa maji yaliyopita juu ya kuku. Mchuzi mtupu ni maji, chumvi na harufu. Hujaza tumbo la mtoto, lakini haumjengi. Kinachomjenga ni kile kilichomo: mnofu, ini, samaki, maharage, karanga, yai na majani. Hayo yapondwe, yalainishwe kwa mchuzi, yaingie kinywani mwake.

Nikarudi Mpanda, nikapumzika siku moja, kisha nikashika njia ya magharibi kwenda ziwani. Karema ni mahali pa heshima katika historia ya imani yetu. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo hapo, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale waliovaa kanzu nyeupe. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Mapadre waliwakusanya watoto waliokombolewa, wa makabila yasiyojuana, wenye lugha zisizofanana, wakalelewa pamoja. Hawakuwa na ukoo mmoja. Chungu kimoja na Ubatizo mmoja ndivyo vilivyowafanya ndugu.

Mmoja wa waliokombolewa, ingawa mbali sana na hapa, alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na wamisionari. Walimpeleka Malta akajifunza uganga, kisha akaja Karema mwaka 1889 kuwa katekista na mganga. Hapo alifanya kazi hata alipofariki mwaka 1956. Sisi makatekista twamtaja kwa furaha, kwa sababu hakuutenganisha mwili na roho. Mkono uliofundisha katekisimu ndio uliofunga vidonda. Basi katekista wa leo akiuliza juu ya kibakuli cha mtoto, asiambiwe kwamba ameacha kazi yake.

Huko Karema kitoweo ni samaki. Migebuka hupikwa mbichi kwa nyanya, ndimu na mawese, au hukaushwa kwa moshi wapate kusafiri hadi bara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, asubuhi wakaanikwa. Wengi huwadharau dagaa wakiwaita chakula cha maskini. Lakini dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na kwa hiyo hutupa vya kujenga mwili na vya kuimarisha mifupa pia. Waoshwe vizuri watoke mchanga, wakaangwe kidogo bila mafuta, watwangwe kuwa unga. Kijiko kimoja cha unga huo katika uji au mchuzi wa mtoto ni msaada mkubwa. Mtu wa Mpanda, au wa Inyonga iliyo mbali na ziwa, anaweza kuununua na kuuweka katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Watu wa ziwani nao walijifunza neno jipya la akiba. Kuanzia tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa, kwa mapatano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaana. Kwa mvuvi asiye na shamba, miezi mitatu ni mirefu. Nyumba iliyopanda maharage na kukausha dagaa mapema ilikula. Nyumba iliyokula samaki wote na kunywa fedha yake ilipata taabu. Yusufu alimwekea Farao nafaka ya miaka saba. Je, sisi hatuwezi kuweka dagaa wa miezi mitatu?

Jioni, ukitazama wavuvi wakiwasha moto ufukoni, huwezi kuacha kumkumbuka Bwana wetu alivyowapikia wanafunzi wake samaki penye bahari ya Tiberia, baada ya kufufuka kwake. Walikuwa wamechoka, wamekesha bila kupata kitu, kisha wakaona makaa na mkate. Aliyeshinda mauti hakuona haya kupika wala kugawa kwa mkono wake mwenyewe. Nani basi katika akina baba ataona haya kumpakulia mwanawe?

Kwa kumaliza, nawaomba walimu na wazee wa jumuiya wayachukue maneno haya machache, wayasome nyumba kwa nyumba.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, kisha aanze vyakula laini huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili na zaidi. Asali yetu ni tamu na ni sifa ya mkoa, lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, maana inaweza kumdhuru.

Mama mwenye mimba na anayenyonyesha apewe mnofu, yai, samaki na mboga bila kukatazwa. Anakula kwa ajili ya watu wawili, na mila isiyo na sababu isimnyang'anye mtoto tumboni.

Kila chungu cha jioni kiwe na kitu cha kujenga mwili na jani la kijani, hata kama hakina nyama.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayomiminwa, si kuchovya wote katika beseni moja.

Na lile la bibi wa Mpimbwe: chungu kiwe kimoja, mkeka uwe mmoja, sala ya kubariki chakula iwe moja, baba na mama na watoto wakiwa pamoja; lakini mdogo apakuliwe kwanza, katika kibakuli chake, na awepo mtu wa kumlisha kwa uvumilivu hata ashibe. Ndipo mikono mirefu inyoshwe.

Bwana abariki mashamba yenu, ziwa letu na vyungu vyenu. Amani iwe katika nyumba zenu zote.